Tarehe 19: siku moja ya kaya inayosubiri mshahara

Kaya ni ya watu wanne: wazazi wawili, wote wameajiriwa, na watoto wawili wa shule. Mishahara yote miwili ikiunganishwa tuiite 100, maana ukitaja fedha halisi kila mtu ataanza kubishana na bei badala ya hesabu. Kodi ya nyumba 32. Umeme, gesi na maji 9. Shule 7. Marejesho ya mkopo wa zamani 7. Hizo 55 zinaondoka siku chache za mwanzo. Zinabaki 45 za mwezi mzima: chakula 30, nauli 12, na 3 za dawa, sabuni na yale yasiyo na jina. Kwa siku 30 ni 1.5 kila siku. Mwezi ukiwa dume, siku ya 31 haina fungu.

Leo ni tarehe 19 na mshahara unaingia tarehe 30 jioni. Kwa mpango, pochini zilitakiwa ziwemo 18. Zimo 12. Hakuna aliyekula anasa: nauli ilipanda katikati ya mwezi, na mtoto mmoja aliugua.

Saa 11 alfajiri. Maji ya kuoga. Hapa ndipo kaya nyingi zinapoteza umeme bila kujua, huku zikigombana kuhusu taa. Kanuni ya kukokotoa ni fupi: lita × nyuzi za joto unazotaka kupandisha ÷ 860 = uniti. Ndoo ya lita 20 ikitoka nyuzi 20 kwenda 40 inakula 20 × 20 ÷ 860, karibu uniti 0.47. Ndoo nne ni karibu 1.9 kwa siku, yaani 56 kwa mwezi. Taa ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila siku inakula uniti 1.35 tu kwa mwezi. Anayefoka kila usiku "zima taa!" halafu asubuhi anaoga ndoo iliyofurika hajaokoa kitu. Lita 10 kwa kila mtu zinakata nusu ya hesabu hiyo, uniti 28.

Kuna ubishi wa miaka mingi: ni nafuu kuchemsha maji kidogo hadi yatokote kisha kuchanganya na ya baridi, au kupasha ndoo nzima hadi vuguvugu? Lita 5 zilizopandishwa nyuzi 80 ni sawasawa na lita 20 zilizopandishwa nyuzi 20, zidisha uone. Tofauti inaletwa na mvuke na muda chombo kinapokaa wazi. Funika, na zima mara yanapotokota.

Saa 12 na nusu. Safari ya kazini. Watu wawili, kwenda na kurudi, siku 22 za kazi: safari 88. Nyongeza ya sarafu moja kwenye nauli si sarafu moja, ni sarafu 88, na ikiwa kila safari ina magari mawili, ni 176. Ndiyo maana nauli inatakiwa itengwe siku ileile ya mshahara, kwenye bahasha yake, baada tu ya kodi. Ikichanganyika na fedha ya chakula italiwa, na mtu asiyefika kazini hana mwezi ujao wa kupangia.

Kwa kaya yetu zimebaki siku 8 za kazi. Hata kwa nauli ya mpango, kabla haijapanda, siku moja ni 0.55 (yaani 12 ÷ 22), kwa hiyo 4.4 hazigusiki. Katika zile 12 zinabaki 7.6 za chakula na mengineyo kwa siku 12: 0.63 kwa siku, wakati kawaida ni 1.1. Dereva hapunguzi nauli wala mwenye nyumba kodi, basi punguzo lote linaangukia sufuriani.

Saa 4 asubuhi. Simu inalia: "Umefuzu kupata mkopo." Saa hiyo ya chai, mtu akiwa na 12 mfukoni na siku 12 mbele, ujumbe huo unasomeka kama wokovu. Tuukokotoe. Kaya inakopa 6 kuziba pengo, ada asilimia 8, kulipa mshahara ukiingia. Inaonekana ndogo, lakini asilimia 8, hata ingekuwa ya siku 14 badala ya hizi 12, ukiizidisha kwa vipindi 26 vya mwaka, ni asilimia 208.

Hata hivyo asilimia hizo hazimtishi mtu mwenye njaa, na kwa maoni yangu si hesabu muhimu zaidi. Hesabu ya maana ni ya tarehe. Bila mkopo, kaya hii ikiendelea kutumia 1.5 kwa siku itakauka tarehe 26. Ikikopa 6 inafika 30, inarejesha karibu 6.5, na mwezi mpya unaanza na 93.5. Nauli haijashuka, kwa hiyo pengo la 6 lipo palepale, ongeza 6.5 zilizokwenda kwenye deni na pengo ni 12.5, sawa na siku 8 na kidogo. Ukame unahama kutoka tarehe 26 hadi 21 hivi. Mkopo wa pili utakuwa mkubwa mara mbili kuliko wa kwanza. Watu wanadhani wamezidiwa na riba, kumbe wamezidiwa na kalenda.

Kabla ya kubonyeza "kubali", kuna milango miwili ya kugonga. Wa kwanza ni mwajiri: kuomba sehemu ya mshahara wa siku ambazo tayari umefanya kazi. Mara nyingi haina riba, ila pengo linahamia mwezi ujao, kwa hiyo omba 6, usiombe 20. Wa pili ni yule anayekudai kiasi kikubwa, kwa kawaida mwenye nyumba. Kuomba kulipa kodi kwa mafungu mawili kunakubalika zaidi ukienda siku kumi kabla ya tarehe na kutaja siku na kiasi cha kila fungu. Ukienda siku tatu baada ya tarehe, huombi tena, unajitetea.

Na ule mkopo wa zamani wa 7 kila mwezi? Soma karatasi. Riba ya asilimia 10 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye mkopo wote tangu mwezi wa kwanza hadi wa 12 ni karibu sawa na asilimia 18 inayokokotolewa kwenye salio linalopungua. Sababu ni kwamba unalipa riba ya fedha ambayo umekwisha kuirudisha. Kwa wastani unashikilia nusu tu ya mkopo mwaka mzima.

Saa 7 mchana. Chakula cha kubeba kutoka nyumbani ni nafuu, kila mtu anajua. Kisichosemwa ni kwamba chakula kibichibichi au chenye mchuzi kilichofungwa saa 12 asubuhi kimekaa saa saba. Chakula kilichopikwa kisizidi saa 2 kwenye joto la kawaida. Ama kiingie kikiwa moto kabisa kwenye chombo cha kuhifadhi joto kinachokiweka juu ya nyuzi 60, ama kiwe kikavu. Kuharisha siku moja kunameza akiba ya wiki nzima ya kubeba chakula.

Saa 11 jioni. Dukani. Hapa ndipo kaya maskini inapolipa bei ya juu kuliko tajiri kwa bidhaa ileile. Mwenye fedha ya leo tu ananunua kipimo cha leo, na vipimo vidogo ndivyo ghali zaidi kwa gramu. Kokotoa: bei ÷ gramu × 1000 = bei ya kilo. Ifanye kwenye simu mbele ya rafu, usione aibu. Angalia pia namba ya uzito, si ukubwa wa mfuko. Mfuko uliokuwa gramu 500 na sasa ni 450 kwa bei ileile umepanda asilimia 11, ila bango la bei halijaguswa, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Kwa vya kopo, soma uzito baada ya kumwaga maji. Kwa vinavyochotwa, tazama mkono wa anayechota: kijiko kilichosawazishwa kwa ubao na kijiko kilichotikiswa vinatoa uzito tofauti, na muuzaji anajua ni kipi anachokupa.

"Nunua kwa jumla" ni ushauri mzuri kwa mwenye mtaji. Asiye nao aanze na bidhaa moja tu, na iwe na sifa tatu: kavu, haiharibiki haraka, inatumika kila siku. Tuseme bidhaa hiyo inakula 4 kwa mwezi kwa vipimo vidogo, na gunia au katoni ya mwezi mzima ni 3.2. Siku ya mshahara toa 3.2 mara moja. Umeokoa 0.8, nayo isiingie kwenye matumizi. Iwe kianzio cha bidhaa ya pili mwezi ujao, inayookoa 0.6 labda. Baada ya miezi minne au mitano una bidhaa tatu kwa bei ya jumla na mtaji umejijenga wenyewe.

Mpango huu unaharibikia mahali pawili. Kwanza, kikiwa kingi kinaliwa kwa wingi. Dawa yake ni kugawa siku ileile: mifuko minne ya wiki, mitatu ifungwe na kuwekwa mbali na jiko. Pili, wadudu na unyevu. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, juu ya ubao, si chini sakafuni. Mafuta ya kupikia yakae gizani. Kwenye dumu angavu karibu na dirisha yanachacha kabla ya kuisha. Na bidhaa ambayo bei yake hushuka msimu wa mavuno usiinunue kwa wingi mwezi mmoja kabla ya mavuno.

Saa 1 usiku. Jikoni. Mikunde mikavu iliyolowekwa tangu jana usiku inaiva mapema zaidi, na maji ya kulowekea yamwagwe. Ikitokota iache itokote kwa nguvu walau dakika 10, kwa sababu baadhi ya aina, hasa maharage mekundu, zina sumu ya asili inayovunjwa na moto mkali. Baada ya hapo shusha moto. Maji yakishatokota hayapandi joto tena. Moto mkubwa unatengeneza mvuke tu, na mvuke ni ghali. Kupandisha lita moja kutoka nyuzi 20 hadi 100 ni uniti 0.09, kuigeuza lita hiyohiyo kuwa mvuke ni 0.63, karibu mara saba. Sufuria isiyofunikwa ni mshahara unaotoka dirishani.

Saa 2 usiku. Taarifa ya habari: "Mfumuko wa bei umeshuka." Baba anaitazama sufuria. Wote wawili wana haki, mtangazaji na sufuria. Bei zikipanda asilimia 9 mwaka huu na 4 mwaka ujao, kilichokuwa 100 kinakuwa 109, halafu 113.4. Kilichoshuka ni mwendo. Isitoshe, namba ile ni ya wastani. Mtakwimu Ernst Engel alionyesha mwaka 1857 kwamba kadiri kipato kinavyopungua, ndivyo sehemu inayokwenda kwenye chakula inavyokua. Chakula kikipanda kuliko vingine, mfumuko wa kaya yetu si ule uliotangazwa. Fahirisi ya bei za chakula duniani ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilifika kilele Machi 2022 kisha ikashuka, lakini bei ya rafuni haikufuata vilevile, kwa kuwa ndani yake mna usafiri, kodi ya duka, nishati na mishahara, na hivyo si lazima vishuke pamoja nayo.

Nyongeza ya mshahara ipimwe hivyohivyo. Mshahara umeongezeka asilimia 5, bei asilimia 9: 105 ÷ 109 = 0.963. Huo ni mshahara uliopungua kwa asilimia 3.7, hata kama barua imeandikwa "hongera".

Saa 3 usiku. Daftari. Safu tatu zinatosha: tarehe, kilichotoka, kilichobaki. Safu za "aina ya matumizi" zinachosha na wiki ya pili daftari linaachwa. Kila usiku gawa kilichobaki (ukiondoa nauli) kwa siku zilizobaki. Jibu hilo ndilo ruhusa ya kesho. Ukurasa wa nyuma andika malipo ya mara moja kwa mwaka, sare na ada kwa mfano, na ugawe kwa 12. Haya hayaitwi dharura, tarehe zake zinajulikana.

Fedha isipotosha, nani alipwe kwanza? Mara nyingi analipwa anayepiga simu zaidi. Ni kosa linaloeleweka, lakini ni kosa. Panga kwa madhara: kinachokutoa nyumbani, kinachokukosesha kazi, chakula na dawa, nishati. Mkopo usio na dhamana unakuja baada ya hivyo, na mkopeshaji aambiwe kwa maandishi atapata kiasi gani na lini.

Saa 4 usiku. Kila kitu kimezimwa, isipokuwa jokofu, ambalo limechomolewa kwa dakika tano. Angalia kitaa chekundu cha mita ya umeme. Ikiwa mita imeandikwa 1000 imp/kWh (mimweko 1000 kwa kila uniti), hesabu sekunde kati ya mweko mmoja na unaofuata, kisha 3600 ÷ sekunde hizo = wati zinazoliwa. Mweko kila sekunde 36 ni wati 100 katika nyumba inayodhaniwa imelala: king'amuzi, chaja, au hita ya maji iliyosahauliwa. Chomoa kimoja kimoja hadi mweko upungue, halafu rudisha jokofu.

Mita ya maji inaandikwa kwenye daftari kwa tarakimu zote, hata zile nyekundu. Saa 11 alfajiri, kabla ya mtu yeyote kugusa bomba, inasomwa tena. Ikiwa imesogea, kuna panapovuja: weka matone ya rangi kwenye tangi la choo na usubiri dakika 20 bila kuvuta. Rangi ikionekana kwenye bakuli, ni ule mpira wa chini wa tangi umechoka.