Kumbukumbu ya mradi: mstari wa katikati umeonekana

Jana saa kumi na moja jioni, kwenye meza ya fundi simu pale Majengo, nimeuona. Mstari mwembamba unaong'aa, umelala kati ya mistari miwili iliyofifia, kwenye ukingo wa noti ya faranga 10 ya Uswisi. Miezi minne nimeutafuta. Nikaomba nichungulie tena, nikachungulia tena, mpaka fundi akaniuliza kama nimeona pesa ndani ya pesa.

Mliofuatilia mradi huu wa kuzitazama tabaka za noti kwa hadubini mnajua kinachonisumbua. Noti mseto, zile za karatasi na plastiki kwa pamoja, tunaziita jina moja, lakini zimejengwa kwa fikra mbili zilizogeukana. Durasafe ya kampuni ya Landqart, ile ya noti za Uswisi, ina karatasi ya pamba nje na polima, yaani plastiki, ndani, kama mkate uliopakwa siagi. Hybrid ya kampuni ya Louisenthal imepindua mambo: karatasi ya pamba iko ndani, na kila upande umevikwa ngozi nyembamba ya poliesta, plastiki nayo. Ya kwanza unaishika unahisi karatasi, na dirisha, ile sehemu inayopitisha mwanga, linapatikana pale karatasi ilipoachwa wazi. Ya pili unashika plastiki, huku alama ya maji ikibaki salama chini yake. Katalogi inaandika "mseto", basi, imemaliza. Mimi nilitaka kuziona tabaka zenyewe, na sikuwa tayari kukata noti hata kona.

Sasa fikiria. Noti nzima ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Humo ndani utafute vitu vitatu.

Nilianza na lenzi ya kubana kwenye simu. Haikufaa. Ukikaribia, kivuli cha simu kinafunika ukingo. Ukirudi nyuma, unaona uzi mweupe tu. Nikanunua hadubini ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta, zile zenye taa kuzunguka jicho lake, na hapa nisikilizeni vizuri: kwa uso wa noti ni chombo kizuri mno, maandishi madogo yanasomeka kama gazeti, lakini kwa ukingo ni hasara. Taa zake zinapiga kutoka mbele moja kwa moja, kila kitu kinageuka cheupe. Mguu wake nao ni mwepesi. Nyumbani kwangu Ipagala lori likipita barabarani picha nzima inacheza.

Halafu upepo. Wa Dodoma hamhitaji kuelezwa. Kuanzia mwezi wa saba nafunga madirisha, naziba chini ya mlango kwa kanga, na bado vumbi linaingia. Kwa macho ya kawaida noti ni safi. Ikikuzwa, chembe moja ya vumbi jekundu imekaa ukingoni kama jabali juu ya kilima. Mara mbili niliandika kwenye daftari kwamba nimeona tabaka, kesho yake nikapuliza kwa pampu ya mpira na tabaka likaondoka. Siku ile ya pili nilifunga daftari, sikuligusa wiki mbili. Niliumia kweli.

Kilichofungua njia ni simu yangu kuharibika tundu la chaji. Fundi aliiweka chini ya hadubini yake ya macho mawili, ile wanayotumia kuunganishia bodi, nikaona jinsi taa yake inavyosimama peke yake kwenye shingo inayopindika. Jana nikarudi na noti, zikiwa kati ya vipande viwili vya kioo nilivyokatiwa kwa fundi vioo, ukingo ukichungulia juu kidogo tu. Nikaomba taa iwekwe juu. Akakataa kwa upole.

"Dada, ukimulika juu utaona mng'ao tu. Taa ilale. Imulike kwa ubavu, kama jua la jioni."

Akailaza mpaka ikakaribia kugusa meza. Pamba ikatoa vivuli, kila unyuzi na kivuli chake. Plastiki haina nyuzi, kwa hiyo ikarudisha mwanga wote kwa pamoja. Huo ndio mstari. Miezi minne nilikuwa naongeza mwanga, kumbe nilitakiwa kuulaza.

Hapo hapo nikatoa Jamaica. Noti zao za 2012, za miaka 50 ya uhuru, ndizo zilizonitoa jasho kuliko zote, kwa sababu dola 100 ilichapwa kwenye Hybrid lakini wenzake wakachapwa kwenye pamba iliyopakwa vanishi. Nina ya 100 na ya 50. Ukizipapasa gizani zote zinateleza, na nilishawahi kuzibishania na rafiki yangu mmoja mkusanyaji mpaka tukaagana kwa baridi. Chini ya taa iliyolala hakuna ubishi. Ya 50 ni pamba kutoka juu hadi chini, haina mstari wowote. Ya 100 ina mistari miwili, mmoja kila upande, na pamba imekaa katikati kimya. Picha nimempelekea usiku uleule. Amejibu kwa neno moja, "Nimeona," nami limenitosha.

Kuhusu noti ya Uswisi niseme jambo ambalo kukaa nayo kumenifanya nilithamini zaidi. Msururu huu wa tisa, uliosanifiwa na Manuela Pfrunder, ulitangazwa kwamba ungetoka 2010. Noti ya kwanza, ya faranga 50, ikatoka Aprili 2016. Zamani niliona ni uzembe. Leo, nikitazama karatasi mbili zimeshikana na plastiki bila pengo hata chembe, naona ni kazi iliyostahili kusubiriwa. Zote zina upana wa milimita 70, urefu tu ndio unaobadilika, ya 10 ikiwa na 123.

Mpango wa wiki hii ulikuwa kupiga picha za madirisha na kuhamisha noti zote kutoka kwenye mifuko ya PVC. Msiweke noti humo, nimeshasema na narudia: ile plastiki laini inatoa mafuta yake taratibu na yanaingia kwenye wino. Poliesta ni ghali lakini haina tabia hiyo. Basi, hilo halikufanyika, kwa sababu kwenye begi nilikuwa pia na shilingi 500.

Ni zile za karatasi za 2010, Karume mbele, Ukumbi wa Nkrumah nyuma. Mapema 2025 Benki Kuu ilipotoa muda wa kubadilisha noti za zamani, hadi tarehe 5 Aprili, mama alinisihi nizipeleke. Nilibakiza saba. Nikaweka moja chini ya hadubini, iliyochoka kuliko zote, na fundi mwenyewe akavuta kiti. Ukingo wake haupo. Nyuzi zimefumuka kama mkeka wa zamani, zimebeba mafuta, masizi, udongo, na mparuzo wa wino, ule unaouhisi kwa kidole kwenye noti mpya, umelala kabisa. Sarafu ilipochukua nafasi yake 2014 tuliambiwa noti hiyo inapita mikono mingi na kuchakaa upesi. Sasa nimeuona huo uchakavu ulivyo.

Kwa hiyo madirisha yasubiri. Fundi amenipa Jumapili, saa mbili asubuhi kabla upepo haujaamka. Ninapanga zile 500 saba kuanzia iliyo mpya hadi iliyochakaa, kisha pembeni yake dola 100 ya Jamaica iliyotumika, nikiipata. Mwenye nayo, hata iliyokunjwa mara nne, aniambie. Na mwenye dirham 25 ya Morocco ya 2012, ile ya ukumbusho kwenye Durasafe, siombi aniuzie. Aniazime ukingo wake kwa dakika kumi.