Februari Unguja: Vitabu, Santuri na Mazoezi ya Taarab

Mwenye nafasi ya kwenda Unguja mara moja tu kwa mwaka, naye anasafiri kwa ajili ya kusoma na kusikiliza zaidi kuliko kuogelea, namshauri achague Februari. Kaskazi bado inavuma, masika hayajaanza, na ndani ya mwezi huo Ngome Kongwe hupokea Sauti za Busara, tamasha la muziki lililofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 2004. Mimi nilikwenda kwa sababu ya tamasha hilo, lakini mengi ninayoyapendekeza hapa yako nje ya kuta za Ngome, na la kwanza lilianza boti ilipokuwa bado inapakia abiria Dar es Salaam.

Nilikuwa nimechukua Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis aliileta katika Kiswahili mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi huyo mzaliwa wa Unguja kupewa Tuzo ya Nobel. Inamhusu Yusuf, mtoto aliyechukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake, kisha akafuatana na msafara wa biashara kwenda bara wakati Wajerumani wanazidi kuishika nchi. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu, mkoba wa maandazi mapajani, aliniuliza ninasoma nini. Nilipomweleza, alisema, “Kumbe ndiye yule mtoto wa kwetu aliyepewa zawadi Ulaya? Hebu nisomee, mwanangu, tusikie anasema nini.” Nikamsomea kurasa kadhaa kwa sauti, na safari ya takribani saa mbili ikapita bila yeye kusinzia wala mimi kutapika, jambo ambalo katika mkondo wa Unguja si dogo. Tangu hapo ninaamini kwamba riwaya hiyo isomwe kwa sauti, kwa kuwa watu wake husimuliana hadithi wakati wote na masikio huzidaka haraka kuliko macho.

Cha pili ni Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, na hiki kinahitaji miguu. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mume mzee, anatoroka na kukutana na Denge na wenzake wanaopigania uhuru chini ya utawala wa Waingereza. Nilikisoma jioni, na asubuhi nikatembea kutoka vichochoro vya Mji Mkongwe hadi Ng'ambo, nikivuka barabara iliyopita mahali ambapo zamani mkono wa bahari ulizitenga sehemu hizo mbili za mji. Umbali ni wa dakika chache tu, na ndiyo maana hatari anayoikabili Yasmin inaeleweka upesi: hakwenda mbali, alivuka mpaka ambao watu wa siku zile waliulinda kwa macho na maneno. Amil Shivji aliifanya riwaya hiyo filamu mwaka 2021. Filamu ni nzuri kwa rangi na kwa nyuso, ila riwaya ina utani ambao filamu imeupunguza, kwa hiyo anayeweza kuchagua kimoja tu achukue kitabu.

Nililolipa muda mwingi kuliko yote ni habari za Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab. Shaaban Robert aliandika wasifu wake baada ya kuzungumza naye katika siku zake za mwisho, kabla hajafariki mwaka 1950, na kitabu hicho kidogo nilikipeleka Fumba, alikozaliwa, kwa daladala iliyojaa ndoo, mikungu ya ndizi na wanafunzi. Siku hizi njia ya Fumba imezungukwa na majengo mapya ya kuuziwa wageni, na asiyejua asingedhani kwamba hapa ndipo alipotoka mwanamke aliyeuza vyungu vya mama yake kwa miguu, akihamia mjini karibu na mwaka 1911 bila jina wala mali. Waliomdharau walimtungia maneno juu ya kaniki zake za shamba. Yeye akawajibu kwa wimbo. Mwaka 1928 alisafiri na wapigaji wake hadi Bombay kurekodi santuri, na Kiswahili kikasikika katika gramafoni za mwambao mzima.

Hata hivyo, wasifu huo nautilia shaka mahali pamoja. Shaaban Robert anamsifu Siti kwa adabu, subira na utu, na ni haki yake, lakini msomaji anaweza kumaliza kitabu bila kujua jinsi nyimbo zake zilivyokuwa kali. Sikiliza wimbo wa Kijiti. Unahusu mauaji ya mwanamke mgeni: muuaji anatorokea bara, na wanawake waliotoa ushahidi dhidi yake ndio wanaofungwa. Mahakama za kikoloni zilisutwa hadharani na mwimbaji asiyejua kusoma, na watu wa Ng'ambo wakaimba naye. Kwa hiyo soma wasifu kwanza, kisha tafuta rekodi za zamani pamoja na mkwaruzo wake wote, na mwisho usikilize albamu ya mwaka 2020 ya Siti Muharam, kitukuu wake, ambaye amezirudia nyimbo za ukoo kwa udi na besi nzito ya kisasa. Ukianza na albamu hiyo utaifurahia tu; ukiifikia mwisho utasikia pia mabishano kati ya bibi na kitukuu.

Taarab yenyewe nilipendelea kuisikia mazoezini. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash alimtuma Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi nyingi, na kwamba kutokana na hapo muziki wa baraza la kifalme ulienea. Ikhwani Safaa, klabu ambayo watu wa mjini huiita Malindi, ilianzishwa mwaka 1905 na ingali hai. Niliomba ruhusa mlangoni katika klabu moja na mzee wa fidla akanijibu, “Karibu, kaa pale, lakini simu izime.” Walirudia kipande kimoja tena na tena kwa sababu ngoma ya dumbaki ilikuwa inawahi, mwimbaji akingoja amejifunika mtandio, akinywa chai, bila kuonyesha kuchoka. Jukwaani huwezi kuona kazi hiyo.

Ngome Kongwe nayo nisiidharau. Ni kwenye majukwaa ya aina hiyo ambapo Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliimba na kupiga ngoma ya unyago mbele ya vijana waliokuwa wadogo kuliko wajukuu zake. Ushauri wangu ni kufika mapema, jua likiwa bado lipo, wakati vikundi vya kidumbaki, yaani taarab ya mitaani, na vya vijana vinapopewa nafasi fupi, kwa maana usiku wa manane spika hushinda ala. Kisha nenda Forodhani ule urojo. Jirani hapo, Beit al-Ajaib, jumba la zamani la masultani lililobomoka kwa sehemu Desemba 2020, litazame kwa nje.

Jambo la kuangalia kabla ya kukata tiketi ni kalenda ya Kiislamu. Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na katika miaka hii inagusa Februari. Ikishaandama, klabu za taarab hunyamaza hadi Idi. Panga safari kabla ya mwezi kuandama, na vitabu vinunue Dar es Salaam, kwa kuwa Unguja ni rahisi zaidi kupata picha za milango kuliko riwaya za watu waliozaliwa nyuma yake.