Rit na uzao wake

Kuna mstari mmoja kwenye wosia wa mkulima wa Maryland, Marekani, nimeusoma mara nyingi mpaka nimeukariri, na bado kila nikiufikia roho inaniuma upya. Wosia uliandikwa 1791, mwenye mali anaitwa Atthow Pattison wa kaunti ya Dorchester, upande wa mashariki wa ghuba ya Chesapeake, na anamwachia mjukuu wake Mary Pattison binti mmoja mweusi anayeitwa Rittia pamoja na uzao wake, mpaka yeye na hao watoto wafikishe miaka 45.

Rittia, au Rit kama wenzake walivyomwita, wakati huo alikuwa mtoto mdogo tu. Meno ya utoto bado yako mdomoni. Na tayari watoto ambao hajawazaa, ambao baba yao hata hajamjua bado, wameshaandikwa jina la mtu mwingine. Neno lililotumika pale, ukilichukua kwa maana yake, ni kama "nyongeza", neno lilelile wakulima wa huko walilotumia kwa ng'ombe na kondoo wakizaa. Mimi naandika uzao kwa sababu nikiandika nyongeza mkono unagoma. Na tusijifanye lugha yetu haijui hili jambo maana Kiswahili cha zamani kina neno mzalia, mtumwa aliyezaliwa nyumbani kwa bwana wake, yaani hata sisi tulikuwa na jina la mtoto wa aina hiyo.

Sheria ilikuwa imeshaandaa njia kitambo. Jirani zao Virginia waliamua 1662 kwamba mtoto anafuata hali ya mama, na makoloni mengine yakaja kufuata hivohivo, kwa hiyo baba awe huru awe mtumwa awe hata huyo bwana mwenyewe haibadilishi kitu, mtoto ni wa mwenye mama. Ndo maana kwenye wosia za wakati ule mtoto wa kike mtumwa alikuwa anaachiwa kwa hesabu ndefu. Ukimpa mjukuu wako shamba umempa shamba. Ukimpa msichana umempa na wajukuu wa huyo msichana. Virginia wakaenda mbali zaidi, 1705 wakasema watumwa watahesabiwa kama ardhi kwenye mambo ya urithi, waende na shamba kwa mrithi.

Atthow akafa 1797 na Rit akaenda kwa Mary. Hapa ndo nataka ufuatilie polepole kidogo, maana maisha ya Rit yanasukumwa na harusi na misiba ya watu ambao hana undugu nao. Mary anaolewa na Joseph Brodess mwaka 1800, mwaka unaofuata wanapata mtoto wa kiume, Edward, alafu Joseph anafariki mapema, Mary anabaki mjane na mtoto mchanga. 1803 anaolewa tena na Anthony Thompson ambaye naye ni mjane, ana mashamba na msitu wa mbao, na ana watumwa wake, mmoja wao anaitwa Ben Ross. Ben na Rit wanakutana pale. Wanapendana, wanaanza kuzaa. Yaani ndoa yao imewezekana kwa sababu mabwana wameoana, na hiyohiyo ndo itakayoitenganisha, kwa sababu Ben ni mali ya Thompson na Rit ni mali ya urithi wa yule mtoto Edward. Mary naye akafa, Thompson akabaki anamlelea Edward mali zake, na Edward alipokua, mwanzoni mwa miaka ya 1820, akachukua kilicho chake akahamia kwenye shamba lake Bucktown. Kilicho chake ni Rit na watoto. Ben akabaki kwa Thompson.

Walizaa watoto tisa. Mmoja, binti aliyezaliwa karibu 1822 akaitwa Araminta, nyumbani Minty, ndo huyo ambaye baadaye dunia imemjua kama Harriet Tubman, mwanamke aliyetoroka utumwa akarudi kuwatorosha wengine. Ila leo sitaki kuandika ushujaa wake, wengi wameshaandika, nataka kuandika ile karatasi.

Edward Brodess hakuwa tajiri. Hili ni muhimu maana watu tukisikia utumwa wa Marekani tunawaza majumba yenye nguzo nyeupe na pamba mpaka upeo wa macho. Huyu alikuwa mkulima wa kawaida, kipande cha ardhi karibu na matope ya Blackwater, madeni, watoto wengi, na kitu pekee chenye bei alichokuwa nacho ni watoto wa Rit. Aliwakodisha kwa majirani, Minty alianza kupelekwa kwa watu akiwa na umri wa kama miaka sita, na shida ikizidi anauza. Dada watatu, Linah, Soph na Mariah Ritty, waliuzwa kwa wafanyabiashara wa kusini. Harriet alisimulia kwamba aliwaona dada zake wakipelekwa wamefungwa pingu, mmoja ameacha watoto wawili nyuma. Sasa kumbuka wosia ulisema mpaka miaka 45. Tangu 1817 sheria ya Maryland yenyewe ilikataza kumuuza nje ya jimbo mtumwa ambaye ana tarehe yake ya kuwa huru. Kwa karatasi hao mabinti walikuwa na tarehe. Waliuzwa tu.

Nani angesema? Rit hajui kusoma, wosia uko mahakamani Cambridge, mji wa hukohuko Dorchester, na wanaoujua ni hao hao wanaofaidika nao kukaa kimya. Miaka ya 1830 Rit akatimiza 45 akapita. Asubuhi ile aliamka akaenda kazini kama jana yake. Mimi hiyo asubuhi huwa naifikiria sana kuliko hata pingu.

Na usiseme labda ndo ilikuwa kawaida wosia kupuuzwa, hapana. Baba yao, Ben, naye alikuwa kwenye wosia. Anthony Thompson alifariki 1836 na aliandika Ben apewe uhuru wake, akaupata 1840, na akaachiwa ekari 10 za kukaa na kukata mbao maisha yake yote. Wakatimiza. 2021 wanaakiolojia walitangaza wamepata mahali nyumba yake ilipokuwa, ndani ya hifadhi ya Blackwater, na kwenye udongo walikuta sarafu ya 1808. Kwa hiyo familia moja, kaunti moja, wosia wa aina moja, huyu wamemtimizia na huyu hawakumtimizia, na tofauti pekee ninayoiona mimi ni kwamba Rit alikuwa na uzao.

Watu wanadhani siku mbaya kwa mtumwa ni siku ya bwana mkali. Waliopitia wanasema siku mbaya ni siku bwana anayokufa. Akiwa hai unamjua hasira zake, akifa unageuka mstari kwenye listi. Kaunti ya Talbot, ng'ambo tu ya mto Choptank kutoka Dorchester, 1826 alifariki Aaron Anthony bila kuacha wosia, na kati ya watumwa wake alikuwemo mtoto mmoja aliyekuwa anaishi Baltimore, Frederick, ambaye ndo Frederick Douglass, aliyekuja kuwa mpinga utumwa mashuhuri. Mwaka uliofuata wakamrudisha shambani ili naye athaminiwe. Ameeleza mwenyewe kwamba walipangwa wote pamoja, wanaume na wanawake, wazee na vijana, pamoja na farasi, kondoo na nguruwe, wakakaguliwa kwa namna moja, alafu wakagawanywa. Hakuna aliyeulizwa anataka kwenda na nani. Neno moja tu la wale wathamini linatenga mume na mke. Bibi yake, Betsy, aliyemtumikia bwana huyo miaka mingi akamzalia nguvukazi ya kizazi kizima, alibaki mtumwa bado, wajukuu wametawanywa kama mbegu.

Hata kwa wakubwa ilikuwa hivohivo. George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alirithi watumwa 10 baba yake alipofariki, yeye akiwa na miaka 11. Mwaka anaokufa, 1799, shambani kwake Mount Vernon kulikuwa na watumwa 317, kati yao 123 wake na 153 wa fungu la ujane la mkewe Martha kutoka kwa mume wa kwanza aliyekufa bila wosia. Washington aliandika wa kwake waachwe huru. Wale 153 hakuwa na mamlaka nao, Martha mwenyewe alikuwa nao kwa maisha yake tu, na alipofariki 1802 wakagawanywa kwa wajukuu wanne. Shida ni kwamba walishaoana, wa kwake na wa mkewe. Kuna nyumba baba yuko huru, mama na watoto wanaenda kwa mrithi.

Nirudi Bucktown. Siku moja Edward alikuja na mnunuzi kutoka Georgia kumchukua Moses, kitinda mimba wa Rit. Rit alikuwa ameshamficha karibu mwezi mzima msituni na kwa marafiki. Walipofika mlangoni akawaambia mtu wa kwanza atakayeingia ndani ya nyumba yangu nitampasua kichwa. Wakaondoka. Mtoto hakuuzwa. Hii ilisimuliwa na kaka yao Henry baadaye, na naamini watoto waliokuwa ndani siku ile walisikia kila neno.

Miaka ya 1840 Harriet, kwa pesa yake ya vibarua, alimlipa wakili dola 5 amtafutie wosia wa bwana wa kwanza wa mama yake. Wakili akarudi nyuma miaka mingi kwenye vitabu, hakuona kitu, akasema tuache. Harriet akamwambia rudi nyuma zaidi. Akarudi zaidi, akaukuta. Fikiria mwanamke asiyejua kusoma anamwambia msomi kwamba hujamaliza kusoma. Ndo akajua mama yake alipaswa kuwa ameshamaliza muda wake. Kujua hakukumsaidia, pa kupeleka hilo neno hapakuwepo.

Baadaye bwana akaumwa. Harriet alisimulia kwamba mwanzo alimwombea Mungu ambadilishe moyo, alafu aliposikia wanataka kuuzwa kusini akabadilisha dua, kama hutambadilisha basi Mungu muondoe. Machi 1849 Edward akafa, na Harriet akajuta vibaya mno, alisema angetoa dunia nzima kumrudishia uhai. Mjane Eliza alibaki na watoto na madeni, faili likaenda Mahakama ya Yatima, ndo jina la mahakama ya mirathi ya huko, na mjane akaomba kuuza watu. Tangazo mojawapo lilikuwa la Kessiah, mtoto wa yule Linah aliyeuzwa zamani. Yaani bibi ni mstari kwenye wosia wa 1791, mjukuu ni tangazo gazetini 1849.

Septemba hiyo Harriet na kaka zake Henry na Ben, mwenye jina la baba yao, wakatoroka. Kaka zake wakaogopa wakamrudisha, alafu Harriet akaondoka peke yake mpaka Philadelphia. Tangazo la Eliza la tarehe 3 Oktoba lipo mpaka leo: Minty, umri kama miaka 27, dola 50 kwa kila mmoja akikamatwa ndani ya jimbo, dola 100 akikamatwa nje.

Na kuna kitu kiliniacha mdomo wazi. Wakati huohuo ukoo wa Pattison, wazao wa Atthow, wakamshtaki Eliza kwa kutumia wosia uleule. Umri wa miaka 45 ukaonekana ghafla. Hoja yao ilikuwa kwamba Mary aliachiwa Rit mpaka 45 tu, kwa hiyo baada ya hapo Rit na watoto walipaswa kurudi kwenye ukoo wa Pattison. Hawakusoma pale uhuru, walisoma fungu lao. Kesi ikavutana, 1852 mahakama ya Cambridge ikashika moto na rekodi nyingi zikateketea.

1855 Ben Ross, mtu huru mwenye ekari zake, alimnunua mke wake kutoka kwa Eliza kwa dola 20. Rit alikuwa anakaribia miaka 70. Kwa wosia wa Atthow alikuwa amemaliza muda wake zaidi ya miaka 20 iliyopita, na bado mume wake alitoa pesa na kumnunua.

1857 Harriet akarudi kuwachukua wote wawili, maana Ben alikuwa anashukiwa kusaidia watoro. Wazee hawawezi kutembea usiku kucha. Akapata farasi mzee akamvisha kola ya majani makavu, akatafuta magurudumu mawili ya gari bovu, akaweka ubao juu ya ekseli wakae, na ubao mwingine wa kuning'iniza miguu. Ben hakutaka kuondoka bila shoka lake. Rit hakutaka kuondoka bila godoro lake la manyoya. Vikapakiwa.