Binti yangu, tarehe 29 na hakimu aliyetoa kisogo

Binti yangu alizaliwa tarehe 29 Februari 2016. Miaka mingine tunabishana keki ikatwe tarehe 28 au Machi mosi. Mwaka mrefu ukifika, nyumba inatulia. Mwanzoni mwa 2024 mwalimu wake hapa Nashville, jimbo la Tennessee, Marekani, aliwataka wanafunzi waeleze jambo lililotokea jimboni katika tarehe waliyozaliwa. Kazi ya mtoto hiyo, kwa hiyo ikawa yangu.

Nilianza na kimbunga kilichopiga mji wa Fayetteville mwaka 1952. Akakataa, upepo anauogopa. Ndipo nikaifikia Jumatatu ya 29 Februari 1960. Jumamosi iliyotangulia, hapa Nashville, wanafunzi 81, wengi wao Weusi, walikuwa wamekamatwa kwa kuketi kwenye kaunta za chakula madukani ambako walihudumiwa wazungu tu. Jumatatu kesi ikaanza, umati wa watu zaidi ya 2,000 umejaa nje. Wakili wao, Z. Alexander Looby, mzaliwa wa Antigua, aliposimama kuwatetea, hakimu akampa kisogo. Faini ikawa dola 50 kwa kila mmoja. Mwanafunzi Diane Nash na wenzake kadhaa wakaona heri jela kuliko kulipa.

Sasa mtoto wa miaka minane utamwelezaje? Maneno yaliniishia. Nikampeleka maktaba kuu ya mjini, Church Street, kwenye chumba cha haki za kiraia. Mna kaunta ya mviringo na juu yake zimeandikwa kanuni za wale wanafunzi: ukipigwa usirudishe, ukitukanwa usirudishe tusi, keti wima, tazama kaunta. Alizisoma zote kwa kidole.

Nyumbani nikaweka stuli jikoni. Wanafunzi wenyewe walifanyishwa mazoezi ya namna hiyo na James Lawson, aliyewafundisha kupinga bila kutumia nguvu: huyu anaketi, wale wanamtukana na kumsukuma. Kaka yake nikamruhusu kuchokoza kwa mdomo tu. Kijana alifurahi kupita kiasi, nikajuta kidogo. Mara ya kwanza binti alivumilia nusu dakika, akamrushia kijiko. Mara ya nne alikaa kimya mpaka kaka akachoka mwenyewe.

Alhamisi ya tarehe 29 nilisimama nyuma ya darasa. Alieleza vizuri, kwa haraka mno. Alipofika kwa Looby akageuka, akawapa wenzake kisogo na kuendelea kusema akiutazama ubao. Hilo sikumfundisha mimi.

Jioni tukakata keki, safari hii bila ubishi.