Siku Yangu na Mita, Mizani na Ndoo Tatu

Saa 12 asubuhi. Ujumbe wa kwanza kwenye simu ni picha mbili za mita ya maji ya bweni: moja ya saa 8 usiku, nyingine ya saa 10 alfajiri. Wanafunzi wawili wamejitolea kuamka kuipiga picha. Saa hizo bweni zima limelala, lakini tarakimu zimesogea. "Mwalimu, nani anatumia maji usiku?" Siwajibu. Swali hilo nalitaka darasani, mbele ya wenzao.

Saa 2. Somo la maji. Takwimu kubwa nazipa dakika chache tu: asilimia 97.5 hivi ya maji yote duniani ni ya chumvi, na zaidi ya theluthi mbili ya hayo matamu yamekaa kwenye barafu. Wanafunzi wanaandika, na wengi watasahau mtihani ukipita. Kwa hiyo tunatoka.

Chini ya bomba linalovuja tunaweka silinda ya kupimia. Dakika moja, mililita 15. Mwanafunzi mmoja anapiga hesabu kwa sauti: lita 21.6 kwa siku, karibu lita 7,900 kwa mwaka. Nawakumbusha kwamba mwaka 2018, Cape Town ilipobanwa na ukame, mkazi aliwekewa kikomo cha lita 50 kwa siku. Bomba hili moja linamwaga zaidi ya theluthi moja ya hizo, na tunapita mbele yake kila siku.

Kisha vyoo vya bweni. Tunatia rangi ya chakula kwenye tangi la choo na kusubiri dakika 15 bila kuvuta. Rangi ikitokea kwenye bakuli, tangi linavuja. Inatokea vyoo viwili. Fundi bomba anafungua kimoja na kuonyesha mpira wa valvu uliochakaa. Maji hayo hayana sauti wala hayalowanishi sakafu, ndiyo maana hakuna aliyelalamika. Swali la alfajiri limeanza kupata jibu.

Saa 5. Kikao cha idara. Kinapita.

Saa 7 na nusu. Kantini, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kila ninapofundisha somo la taka. Tunapanga ndoo tatu: maganda na mabaki ya jikoni, makombo ya sahani, na chakula kilichopikwa kisipakuliwe. Ukivichanganya unapata uzito, ila hujui chanzo. Darasa zima lilikuwa na hakika kwamba makosa ni ya wanaoacha chakula sahanini. Mabango ya kuwahimiza wamalize yalikwisha kuchorwa. Mizani inasema vingine. Ndoo ya tatu ndiyo nzito kuliko zote.

Mpishi mkuu anaeleza bila kuficha: haambiwi siku zipi madarasa yako nje kwa mafunzo ya vitendo, na anaogopa chakula kisije kikaisha watu wangali foleni. Mwanafunzi aliyechora mabango anauliza kama ratiba ya masomo inaweza kufika jikoni kila wiki. Swali hilo nalithamini kuliko insha nyingi nilizosahihisha. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na sehemu yake huanza hivi hivi, kwa mtu anayepika bila kujua atakula nani.

Saa 9 na nusu. Bustanini, kwenye mboji. Rundo linanuka, kwa kuwa limelowa na halina hewa. Tunaongeza majani makavu na kuligeuza. Nawaeleza kwamba dampo lina shida hiyo hiyo kwa ukubwa wa kutisha: taka zinazooza zikikosa hewa hutoa methani, gesi ambayo, kilo kwa kilo, hupasha joto angahewa kuliko kaboni dayoksaidi.

Saa 11. Kundi moja linataka kila kona iwe na mapipa ya rangi mbalimbali ya urejelezaji, yaani ya taka za kugeuzwa kuwa bidhaa mpya. Nawaunga mkono, lakini nasisitiza utaratibu: kwanza tuzuie taka isizaliwe, kisha tutumie tena, ndipo turejeleze. Mmoja anabisha kwamba mapipa watu huyaona, na bomba lililorekebishwa halionekani. Ana hoja. Tunabishana mpaka mlinzi anakuja kufunga darasa.

Saa 2 usiku. Naandika barua mbili: moja kwa idara ya matengenezo, yenye namba za vyoo vinavyovuja na picha za mita, nyingine kwa ofisi ya taaluma, kuomba ratiba ya wiki ijayo ifike kwa mpishi mkuu kabla ya Jumatatu.