Waya wa breki na ridhim ya Omar Shabani

Leo mvua imenifungia ndani, na hapa Ngamiani, Tanga, mvua ikishuka hakuna anayeleta baiskeli kwa fundi. Nimekaa na gitaa mapajani. Uzi wa kwanza ulikatika Jumanne, nikafunga waya mmoja niliouchambua kwenye kebo ya breki iliyochakaa, kama tulivyoona kaka zetu wakifanya tukiwa wadogo. Unalia kidogo kama bati na unakula ncha ya kidole, ila tuni inakaa. Nyuzi za kununua sizilaumu sana. Chumvi ya bahari inazipiga kutu hata gitaa likiwa limelala ndani ya mfuko.

Napiga gitaa mwaka wa kumi na mbili sasa, na miaka kumi ya mwanzo niliipoteza nikimfukuza mpiga gitaa Mbaraka Mwinshehe. "Niliipoteza" ni neno kali, lakini liache. Kila anayeanza anataka solo, maana ndilo linalogeuza shingo za watu ukumbini. Nilikuwa nasikiliza Mbaraka wa enzi za Morogoro Jazz, narudisha nyuma, nasikiliza tena, mpaka simu inapata moto mkononi. Yule bwana alifariki kwa ajali ya gari huko Kenya, Januari 1979, hajafikisha hata miaka 35. Mimi nimeshamzidi umri, na robo ya aliyoyafanya sijaigusa. Vidole vyangu vilijua njia ya kupanda juu ya shingo ya gitaa. Vikishafika huko, havijui vimefuata nini.

Mwezi uliopita mzee mmoja wa mtaani aliniletea baiskeli yake, gurudumu la nyuma linayumba. Ni mzee wa dansi. Ujana wake ulikuwa Jamhuri Jazz na Atomic, bendi za hapahapa Tanga, na akianza kuzisimulia, kazi inasimama. Siku hiyo alinikuta nimeweka spana chini, nacharaza. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda akasikiliza mpaka nikamaliza.

"Mjomba," akasema, "hilo solo lako linamkimbia nani?"

Nikacheka kuficha aibu. Akaniuliza kama naijua ridhim ya Sina Makosa, yaani lile gitaa linaloshikilia mdundo chini ya solo. Nani asiyeijua, babu? Wimbo ule hauna harusi usioingia. "Basi ipige."

Nikapiga. Mizunguko kama sita hivi ilikwenda vizuri, kisha mkono ukaanza kuwasha. Nikatia kidoido. Mzee akainua kidole: "Hapo. Ushatoka." Nikaanza upya. Nikatoka tena palepale. Mara ya tatu hakusema kitu, alinitazama tu, akaenda zake na kuniachia baiskeli.

Niliona nimeonewa. Usiku nikaisikiliza rekodi yenyewe, na kwa mara ya kwanza sikumfuata mwimbaji wala solo. Nilimfuata Omar Shabani, mpiga ridhim wa Les Wanyika, bendi yenye wimbo huo. Jamaa anashika kitu kimoja kidogo, hakitoki hata kwenye eneo la viganja viwili, anakwenda nacho mwanzo hadi mwisho. Hapambi, hachoki, hajionyeshi. Chini yake besi ya Tom Malanga inaacha mapengo, na ridhim inaingia humohumo. Ndipo nilipoelewa kidoido changu kilikuwa kinaangukia wapi: katikati ya watu wawili wanaozungumza, kama mtoto anayekatiza wakubwa.

Les Wanyika walijitenga na Simba Wanyika kule Nairobi mwaka 1978. Simba Wanyika nayo ilianzishwa na Wilson na George Peter Kinyonga, ndugu wa hapa Tanga, waliopiga Jamhuri Jazz kabla ya kwenda Arusha na hatimaye kuvuka kuingia Kenya mwaka 1971. Watu wa Tanga hatuchoki kukumbushia hilo, hata wale wasiojua gitaa linashikwa upande gani.

Basi wiki tatu nimekuwa nafunga kibanda, naosha grisi mikononi, napiga mzunguko ule mmoja. Wiki ya kwanza kifundo cha mkono kiliuma kuliko siku zote za solo. Ya pili nikachoshwa. Mke wangu alichoshwa kabla yangu, akaomba angalau niimbe. Wiki ya tatu kuna usiku nilipiga nikawa nasikia mvua, nasikia jirani anakoroga uji, na mkono unaendelea wenyewe. Nilipogundua kwamba unaendelea wenyewe, nikakosea.

Kuna mwingine ambaye huwa namrudia nikikata tamaa: Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo. Gitaa moja kavu, kidole gumba na cha shahada, na Kiswahili chake cha kule. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi akipiga wimbo wake Masanga mwaka 1952, na mpaka leo ukiisikiliza unatafuta mtu wa pili amekaa wapi. Mimi nina vidole kumi, vyote vizima, kwa hiyo kisingizio cha mkono sina.

Jumamosi mzee alirudi kuchukua baiskeli. Sikumwambia kitu. Nilishika gitaa nikampigia ridhim ile mpaka mwisho, dakika nne au tano, bila kutoka. Waya wa breki ulinikata kidogo, nikaendelea. Yeye alikuwa ameigeuza baiskeli miguu juu, anazungusha pedali taratibu kwa mkono, sikio ameliweka karibu na ringi. Nilipomaliza nikamtazama.

"Spoku moja bado imelegea," akasema.

Nikazigonga moja moja kwa spana. Ni kweli, ilikuwa imelegea.