Waya kwenye shingo ya Njugu

Bwana asifiwe wapendwa. Leo naandika nikiwa nje kwa mlango, saa kumi na moja jioni, kuku wanarudi mmoja mmoja na mbuzi wawili wanalia juu wanajua saa ya maji imefika. Ile baridi ya Julai imetuacha, sasa huku Kamulu, pembeni ya Nairobi, ni vumbi tupu, nyasi imekauka ikawa rangi ya mkate, udongo mweusi umepasuka hadi unaweza kuingiza mkono mzima kwa ufa, na asubuhi mapema mlima Kilimambogo unaonekana wazi kabisa kabla malori ya mchanga hayajaanza kupita. Mvua ya vuli tunaitarajia Oktoba. Kwa hivyo hizi wiki za mwisho wa Agosti na Septemba ndio kila kitu chenye pumzi kinasogea karibu na watu kutafuta maji, ndege, nyoka, paka wa mwitu, na mbwa wasio na kwao, hao ndio wengi.

Neno letu ni Mithali 12:10. "Mwenye haki huufikiri uhai wa mnyama wake, bali huruma za mwovu ni ukatili."

Njugu ni mbwa wetu, alikuja mwaka jana msimu kama huu. Watoto ndio walimpa hilo jina juu ya rangi, ile ya njugu ya kukaangwa. Alikua amelala chini ya tanki la maji penye pana unyevu, mbavu zote unahesabu, na kabla hata sijamkaribia nikasikia harufu ya kidonda, ile harufu ukishaisikia mara moja huisahau. Sikuona kidonda chenyewe. Niliona tu mbwa mwenye njaa na moyo ukaniuma sana, nikaingia jikoni nikasonga ugali sufuria nzima nikachanganya na matumbo na mafuta yote yaliyobaki, nikamwekea kwa karai. Alimaliza kabla sijarudi mlangoni. Nilisimama pale nikamshukuru Mungu kwamba ameniletea nafasi ya kutenda mema, nawaambia ukweli wapendwa, nilijisikia vizuri mno.

Usiku nikamsikia. Alikua ametapika kila mahali, tumbo limejaa likakaza kama ngoma, amelala upande mmoja anahema haraka haraka na macho yamefunguka hayaangalii kitu. Nikapigia simu daktari wa mifugo mwenye hututibia mbuzi, saa tano ya usiku, akaniuliza swali moja tu, "ulimpa nini na kiasi gani?" Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, alafu akanieleza polepole kwamba mwili uliokaa na njaa siku nyingi unasahau kazi ya kupokea chakula, ukiujaza ghafla unaweza kuuangusha kabisa, kwa hivyo ni kidogo kidogo, uji mwepesi, mara nne au tano kwa siku, siku kadhaa. Sikulala. Nilikaa naye na tochi ya simu hadi kukakucha, na hilo neno la huruma za mwovu likawa linanirudia kichwani hadi nikaanza kuliogopa.

Miaka yote nimesoma huo mstari nikidhani nusu ya pili ni ya watu wengine, wale wanaopiga punda na rungu barabarani. Usiku huo nikaona inaweza kunihusu mimi mwenye karai mkononi. Juu huruma yangu haikuuliza kitu. Haikuuliza huyu mbwa amekaa na njaa siku ngapi, anaumwa wapi, ametoka kwa mikono ya nani. Ilitaka kutoa tu, na ikishatoa iende zake ikalale.

Mchungaji wetu alinifungua macho nilipomsimulia. Akasema kwa Kiebrania hapo kwa "huufikiri" ni neno la kujua, kwamba mwenye haki anajua, na kile anachojua ni nefesh ya mnyama wake. Nefesh ni neno lile tunalosoma Mwanzo 2:7, mtu akawa nafsi hai, na pia liko Mwanzo 1:24 kwa wanyama, tafsiri yetu imeandika kiumbe hai lakini kwa lugha ya kwanza ni maneno yale yale. Hapo ndio nikakaa sana. Mungu hakusema mwenye haki humwonea mnyama wake huruma, alisema anaijua nafsi yake.

Sasa shingo. Siku ya tatu, Njugu akiwa ameanza kusimama, nikaona ile harufu inatoka wapi. Kulikua na mstari mwembamba umezunguka shingo, nywele zimemea juu yake, na ukiangalia vizuri katikati ya mstari ni nyama mbichi. Mtu alimfunga na waya akiwa mdogo, ile waya nyembamba mafundi wanafungia vyuma vya slabu, huku kwetu imejaa chini kila mahali juu kila ploti inajengwa, alafu mbwa akakua na waya haikukua. Na mimi badala ya kungoja, na nimetoka tu kufundishwa somo la karai, nikachukua plaisi nikamshika kichwa nikavuta. Akaniuma kwa kiganja, meno mawili yakaingia, alafu akaniachilia akarudi chini ya tanki akitetemeka. Hakunifuata kuniuma tena. Aliniuma vile mtu anasukuma mkono unaomuumiza.

Hapa wapendwa nisimame kidogo juu hii ni maisha ya watu. Mbwa yeyote akikuuma, hata wa kwako, hata akiwa mzima machoni, osha hapo hapo na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, nimesema 15, alafu uende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo na urudi kwa kila sindano mpaka umalize. Usipake chumvi, usipake tumbaku, usingoje uone. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu karibu hakuna anayepona, lakini kabla ya dalili chanjo inakinga vizuri sana. Tarehe 28 Septemba dunia yote inakumbuka ugonjwa huu, ni siku aliyofariki mwanasayansi Louis Pasteur mwaka wa 1895, yule aliyemchanja kijana wa miaka tisa aliyeumwa na mbwa, mwaka wa 1885, na kijana akaishi. Karibu wote wanaokufa na kichaa hiki hupata kwa mbwa, na watoto ni sehemu kubwa yao. Kwa hivyo kumchanja mbwa wako kila mwaka ni kumpenda mtoto wa jirani, sioni vile tutatenganisha hivyo vitu viwili.

Daktari alikuja kesho yake. Akamchoma sindano ya usingizi, akanyoa nywele na wembe, akakata waya vipande vitatu. Alafu akaniwekea kipande kimoja kwa mkono wenye bandeji. Kilikua chepesi, chepesi kabisa, kama uzi, kimepinda duara na kimeshika nywele mbili za rangi ya njugu, na nikafikiria miezi yote huyo kiumbe amemeza mate na hicho kitu, amebweka nacho, amelala nacho.

Nilikua namdhania ni mbwa mkali. Kila geti huku kwetu imeandikwa Mbwa Kali, na sisi tunafurahi ikiwa ni kweli, tunamfungia mchana kwa kibanda cha mabati na jua la saa saba, mkebe wa maji umepinduka tangu asubuhi, jioni tunamfungulia alinde. Ndugu yangu, dada yangu, pita nyuma ya nyumba yako kabla hujaenda ibada. Angalia huo mkebe. Ingiza vidole viwili kati ya kola na shingo, zisipoingia legeza. Ile sheria ya Sabato kwa Kutoka 23:12 iliwataja ng'ombe na punda wapumzike kabla hata haijamtaja mtumishi na mgeni, na mistari michache juu yake inasema hata punda wa adui yako ukimkuta ameanguka chini ya mzigo usimwache hapo. Mimi huwaona hao punda wa maji kila siku kwa barabara ya Kangundo, mitungi imepangwa hadi mkokoteni unainuka mbele, na nimepita mara nyingi nikiangalia simu.

Mwezi huu makanisa mengi yanaombea uumbaji, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi tarehe 4 Oktoba, siku ya mtakatifu Fransisko wa Asizi, yule aliyependa wanyama. Tuombe, lakini tuombe tukiwa tumetazama. Mungu alipomuuliza Yona mbona asiuhurumie Ninawi alimhesabia watu zaidi ya 120,000, na hakuishia hapo, akataja na mifugo. Alikua amewaona.

Njugu sasa ana mwaka mmoja na sisi. Anachunga vifaranga, mwewe akizunguka juu anabweka hadi nitoke, na analala karibu na yule mbuzi mweusi. Lakini shingoni hapana. Unaweza kumshika kichwa, masikio, mgongo wote, mkono ukikaribia shingo anaganda, haumi, hakimbii, anaganda tu na kuangalia kando. Kwa hivyo sijamfunga kola. Kila jioni nakaa kwa hili jiwe naweka mkono chini, kiganja juu, naomba hapo hapo kwa sauti ndogo, na yeye anakuja analaza kidevu kwa mkono akitaka, asipotaka hakuji. Jana alikuja.

Jumamosi daktari atakuwa hapa kwetu kuanzia saa tatu asubuhi kwa chanjo. Leteni wa kwenu, hata yule wa steji ambaye si wa mtu. Kama hana kamba msimfunge na waya, niambieni mapema, nimekata leso ya zamani vipande na kila kimoja ni kipana kama mikono miwili.